Maiti Hashiki Upawa

Katika uwanja wa mawese wa Bwana Saif bin Humoud, pale Rumonge, kazi zilianzwa na watu wengi na kumalizwa na mtu mmoja. Toka asubuhi watu walichambua chikichi, wakazichemsha, wakazikanyaga ndani ya mtumbwi mkuukuu uliochoka kuelea, wakaengua mafuta na kuyarudisha motoni yakauke maji. Lakini kazi ilipofika ukingoni, pale ambapo mtu hupangusa jasho na kusema hii nimeifanya mimi, nyapara Feruzi alikohoa, akanyosha mkono, akapokea upawa. Aliyekuwa akikoroga alitumwa kuni. Aliyejaza mitungi aliambiwa akafukuze mbuzi. Wakirudi, mafuta yameiva, mitungi imefungwa majani ya mgomba, na Feruzi amesimama katikati na mikono kiunoni, utadhani michikichi yote ya shamba la Kizuka ameizaa yeye.

Tusimwonee, maana naye hakupewa kitu bure. Alivuka ziwa kutoka Manyema akiwa mbeba kuni, na nyapara wa wakati ule alikuwa bahili wa maarifa kuliko wa chakula. Yote aliyoyajua Feruzi aliyaiba kwa jicho. Siku aliyokabidhiwa fimbo na tarbushi ya unyapara, aliapa kwamba hakuna jicho litakalomwibia yeye, na kiapo hicho alikitimiza kwa bidii kuliko saumu. Bwana Saif akiuliza habari za wafanyakazi, jibu lilikuwa tayari mdomoni: Uledi ana mikono mizito, Ramazani ana kichwa kizito, na Chausiku, basi, yule ana mdomo mwepesi.

Hili la Chausiku lilikuwa kweli. Chausiku alikuwa Mnyamwezi, mjane wa mpagazi, na ndiye aliyeongoza wakanyagaji kwa nyimbo zake. Na kwa kuwa pale uwanjani Wanyamwezi na Wamanyema walikuwa watani, yeye peke yake aliweza kumwambia Feruzi mbele ya watu kwamba tumbo lake linafika kazini kabla ya mwenyewe. Mtani hakasirikiwi. Anayekasirika hulipa kuku, na banda la Feruzi lilikuwa limebaki na majogoo tu.

Siku moja Bwana Saif alimwita barazani, akammiminia kahawa kwa mkono wake mwenyewe. Feruzi akakaa vizuri, maana tajiri hamiminii mtu kahawa kwa sababu ya kahawa.

"Nafungua nyumba Usumbura," akasema Bwana Saif, "karibu na boma la Wadachi. Askari wanakula mawese kila siku ya Mungu, nami nimechoka kuwauzia kwa kupitia mikono ya watu. Nataka wakala wangu mwenyewe kule. Nimekufikiria wewe."

Moyo wa Feruzi uliruka. Usumbura! Binti yake Mariyamu ameolewa huko, na amemzalia mjukuu ambaye babu yake hajamwona hata unyayo. Tena huko angeitwa Bwana Feruzi, si Nyapara, na angekaa nyuma ya meza ya mbao. Alikwisha kuiona hiyo meza.

"Lakini hapa nitamwachia nani?" akauliza Bwana Saif.

"Bwana?"

"Nani ataendesha uwanja? Uledi, ulinambia, mikono mizito. Ramazani kichwa kizito. Chausiku mdomo mwepesi. Au nimesahau mtu?"

Feruzi akanywa kahawa kwa haraka, ikamchoma ulimi.

"Basi mimi naenda Kizuka kutazama michikichi," akaendelea Bwana Saif. "Nikirudi, nionyeshe watu wanaoweza kumaliza kazi bila wewe. Ukinionyesha, tutazungumza habari za Usumbura. Usiponionyesha, nitampeleka Asmani wa Bugarama, na wewe utabaki hapa mpaka ndevu zako ziingie chunguni."

Asmani! Yule msimamizi wa Bugarama anayepima mafuta kwa kuyanusa na kujisifu kwa kupiga kelele! Feruzi alitoka barazani. Miaka yote amejenga ukuta ili watu wasiingie, na leo ndio anagundua kwamba hakujiachia mlango wa kutokea.

Kesho yake akaanza kukuza watu. Akamwita Uledi kwa sauti tamu, na utamu huo ukawatisha wote uwanjani.

"Uledi, leo utamaliza wewe."

Uledi akakoroga vizuri, hata mafuta yakaanza kunyamaza chunguni, ishara kwamba maji yamekwisha. Papo hapo akautoa upawa, akamnyoshea Feruzi, akageuka kuondoka.

"Unakwenda wapi?"

"Kuni, Nyapara."

"Nimekuambia umalize!"

Uledi akautazama upawa, akamtazama Feruzi, akapiga magoti. "Nimekosa nini, Nyapara? Kama iko neno umesikia juu yangu, uniambie tu. Niko na watoto." Alipokuwa akiomba msamaha wa kosa lisilokuwepo, mafuta yakaungua, na harufu yake ikafika sokoni.

Kwa Ramazani mambo hayakuwa afadhali. Feruzi alimwambia achague mwenyewe mtumbwi wa kupeleka mitungi kaskazini.

"Wewe unasemaje, Nyapara?" akauliza Ramazani.

"Mimi sisemi. Sema wewe."

"Mi nasema vile utasema."

Chausiku alikuwa amesimama ndani ya mtumbwi wa kukanyagia, chikichi zimempanda mpaka magotini, akicheka mpaka akashika ukingo. "Mutani wangu! Umekata watu miguu miaka yote, leo unawaambia wakimbie?"

Feruzi akameza hasira, maana alikwisha kupiga hesabu ya kuku. Wala hakuwaza kwamba huyo anayecheka angeweza kuwa mtu wa kuonyeshwa kwa Bwana Saif. Mwanamke, tena mtani! Bora Asmani.

Nyumbani alimweleza mkewe Zuwena yote, huku akilalamika kwamba Mungu amempa watu wasiofundishika. Zuwena alikuwa akichambua ndagala, visamaki vya ziwani, kwenye ungo, hakuinua uso.

"Baba Mariyamu, wewe ukiwa pale hawatamaliza kitu. Macho yako yanawashika mikono. Ukae nyumbani."

"Nikae nyumbani nina nini?"

"Uko na homa."

"Sina homa."

"Kesho utakuwa nayo."

Mpango ulikuwa mzuri, na ungefaulu kwa mtu mwingine yeyote. Asubuhi Zuwena alikwenda uwanjani kusema kwamba nyapara ameshikwa na homa, hawezi kuinuka. Lakini Feruzi kukaa nyumbani hali uwanja unaendeshwa bila yeye, hilo hakuliweza. Alitangulia kabla watu hawajafika, akatundika fimbo na tarbushi kwenye nguzo, pale zinapolala kila usiku, kama mtu ambaye hakuja, akaingia kwenye banda la mitungi na kujibanza nyuma ya mkeka. Mkeka una matundu, aliona kila kitu. Asichokiona ni kwamba mkeka wenyewe ulikuwa mfupi.

Chausiku aliingia kuchukua chungu. Akainama, akaona miguu. Kidole gumba cha kulia kilichopinda, Rumonge nzima kilikuwa kinajulikana. Feruzi akazuia pumzi. Chausiku akachukua chungu chake, akatoka bila neno, na Feruzi akashukuru akili zake.

Hakumaliza kushukuru. Huko nje kulipigwa ukelele wa kumwangusha ndege mtini.

"Yooo! Mutani wangu amekufa!"

"Nani, Nyapara?" Uledi akatupa kuni. "Si walisema ni homa?"

"Ilikuwa homa. Imepanda."

"Umemuona?"

"Nimemuona miguu. Imenyooka."

Ramazani alikwisha kuanza kulia, mpaka Chausiku alipomkonyeza na kuelekeza kidevu upande wa banda. Ramazani akainama, akachungulia, akaiona miguu ya marehemu ikijikuna mmoja kwa mwingine. Akafunga mdomo kwa mikono miwili. Habari ikapita sikio kwa sikio, na kila aliyeipata aliinama kidogo kama anayetafuta kitu chini.

Utani wa msiba una sheria zake. Mtu akifa, mtani wake huvaa nguo zake, hutembea mwendo wake, husema maneno yake, na hakuna wa kumzuia mpaka maiti azikwe. Chausiku akaenda kwenye nguzo, akaangua tarbushi, akaivaa. Akajifunga kitambaa cha mzigo tumboni, akashika fimbo, akakohoa kama Feruzi anavyokohoa.

"Hm-hm! Uledi, mikono mizito! Ramazani, kichwa kizito! Na wewe mbuzi, nani alikupa ruhusa ya kupumua?"

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Feruzi, nyuma ya mkeka, alitaka kutoka na kuinyakua ile fimbo. Angetokaje? Akitoka, homa iko wapi? Akikasirika, kuku yuko wapi? Akabaki kuchungulia mwanamke akipita mbele yake na tumbo la Feruzi mwenyewe, na mwendo wake, na hata ile tabia ya kunyosha shingo kuona nani amesimama bure. Ilimuuma. Ilimuuma zaidi kwa sababu haikuwa imekosewa popote.

Kisha mafuta yakaanza kunyamaza chunguni. Uledi, kwa mazoea, akautoa upawa na kumnyoshea mwenye tarbushi. Chausiku akaweka mikono nyuma.

"Mimi maiti," akasema. "Maiti hashiki upawa."

"Sasa nani atamaliza?"

"Mi najua wapi? Waulize walio hai."

Uledi akageuka huku na huku kutafuta walio hai. Aliye karibu zaidi na chungu alikuwa yeye mwenyewe. Akainama, akasikiliza, akachota kidogo na kumimina, mafuta yakashuka mekundu, safi, bila povu. Akavuta kuni za moto kutoka chini ya chungu. Akasubiri kikohozi. Hakuna aliyekohoa. Akapangusa jasho kwa kiganja na kusema kwa sauti ndogo, karibu kama anaiba, "Hii nimeifanya mimi."

Baadaye akaja Ramazani mbio. Wapiga makasia wawili walikuwa wakigombea mzigo. "Marehemu, mitungi iende mtumbwi gani?"

"Marehemu hana habari ya mitumbwi, iko anajibu maswali ya malaika. Usimchanganye."

Ramazani akajikuna. Akarudi ufukweni, akaizunguka mitumbwi yote miwili, akaingiza mkono chini ya mmoja, akaonja hewa ya ziwa, mwisho akanyosha kidole. "Ule. Huu mwingine unavuja, mwenyewe ameziba kwa matope asubuhi hii." Mwenye mtumbwi unaovuja akanung'unika, lakini hakubisha. Nyuma ya mkeka, Feruzi alijua kwamba yeye angechagua huo unaovuja, kwa sababu mwenye mtumbwi huo humwita yeye Bwana.

Ikawa mchezo. Kila aliyepeleka swali kwa maiti alipata jibu la maiti, akarudi kazini akijijibu. Saa ya jua kali maswali yakawa yamekwisha, nyimbo zimeanza, na mitungi imejaa kuliko siku yoyote ambayo Feruzi alikuwa hai. Miguu yake ilikuwa imekufa ganzi kweli. Alisikia wivu, halafu akasikia kitu kingine ambacho hakukipenda: fahari, kama vile watu hawa ni wake. Akaona hata utani haujawahi kumwonyesha jambo gumu kama hilo.

Na Bwana Saif akarudi mapema. Habari za kifo zilimkuta njiani, akaingia uwanjani na mwavuli wake na uso wa huzuni, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun" mdomoni. Akasimama. Akaona tarbushi ya nyapara wake juu ya kichwa cha mkanyagaji wake. Alikuwa mzaliwa wa ufuko huu, hakuhitaji kufafanuliwa.

"Chausiku, Feruzi amekufa kweli au kiutani?"

"Kiutani amekufa kabisa, Bwana. Kikweli bado kidogo."

Bwana Saif akafunga mwavuli. Akapita kwenye mitungi, akachovya kidole, akaramba. Akachovya katika mwingine. "Nani amemaliza haya?"

"Mimi, Bwana," akasema Uledi, na mara hii hakupiga magoti.

"Na mtumbwi niliokutana nao ukipita, nani ameupakia?"

"Mimi, Bwana," akasema Ramazani.

"Nani amewafundisha ninyi?"

Watu wakamtazama Chausiku. Chausiku akatazama mkeka, akakohoa kile kikohozi. "Hm-hm! Hilo atajibu marehemu mwenyewe." Akauvuta mkeka.

Feruzi alikuwa amechuchumaa katikati ya mitungi, utando wa buibui nyusini, mkono mmoja umeshika mguu ulioganda. Kicheko kilichopasuka hapo, nadhani walikisikia mpaka Muhuta. Bwana Saif peke yake hakucheka.

"Feruzi. Nimeuliza. Nani amewafundisha hawa?"

Feruzi akasimama kwa shida. Aliona wote wanamngoja, na jibu lilikuwa fupi, jina moja tu, na mwenye jina alikuwa amesimama mbele yake kavaa tarbushi yake. Lakini akafikiri: nikimtaja huyu, Bwana atanihitajia nini mimi? Mtu ambaye uwanja unakwenda vizuri akiwa amekufa, apelekwe Usumbura kufanya nini? Akamwona Mariyamu mlangoni na mtoto mgongoni. Akaiona ile meza ya mbao.

Akakohoa. "Ni mimi, Bwana. Nilijificha makusudi niwajaribu."

Kujificha makusudi kulikuwa kweli, na uongo wenye kipande cha kweli ndani yake huteleza vizuri kooni. Uledi akatazama chini. Ramazani akafungua mdomo, Chausiku akamkanyaga mguu. Kisha akavua tarbushi, akaipangusa vumbi, akamvika Feruzi kichwani kwa heshima zote.

"Asante, mutani, kwa kutufundisha."

"Mashallah!" akasema Bwana Saif. Alimtazama Feruzi kwa muda. "Basi nimekudhulumu moyoni. Nilidhani unawabana watu, kumbe unawakuza. Mtu wa namna hii nikimtoa hapa nitakuwa mpumbavu. Asmani ana watu kule Bugarama hata kuwasha moto hawajui. Nitakuletea wote uwafundishe, na baada yao wa Muhuta. Usumbura atakwenda mwanafunzi wako. Chausiku, funga mizigo."

"Mwanamke, Bwana?" Feruzi alipayuka.

"Shangazi yangu aliendesha nyumba yetu ya Ujiji, na wanaume walimwogopa kuliko Wadachi. Au hukumfundisha vizuri?"

Feruzi alitazama watu, watu wakamtazama. Njia ilikuwa moja tu, nayo alikuwa ameichimba mwenyewe.

"Nilimfundisha vizuri, Bwana," akasema.

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na hakuna aliyemwambia. Zuwena tu alimkandia mguu jioni ile kwa maji moto, akisema kwamba homa imepona.

Siku Chausiku alipoondoka, Feruzi alikwenda ufukweni kumsindikiza, kwa kuwa mtani asipomsindikiza mtani watu husema. Alibeba kifurushi cha ndagala kavu na kanzu ndogo ambayo Zuwena alimshonea mjukuu. Uledi alibeba mizigo mingine. Ziwa lilikuwa limetulia, milima ya upande wa pili inaonekana yote, na wapiga makasia walikuwa na haraka.

"Umpe Mariyamu," akasema Feruzi. "Umwambie mtoto babu yake anakuja."

"Nitamwambia." Chausiku akapanga kifurushi miguuni pake. Halafu akamwashiria ainame. "Mutani, nikwambie neno? Bwana Saif aliniambia jana, nami nilisema nitanyamaza, lakini mdomo wangu unaujua. Alisema: kule Usumbura hakuna watu bado, kwa hiyo nataka mtu mwenye macho ya kuona watu. Alikuwa anangoja kitu kimoja kwako. Kama ungesema jina langu pale, angekupeleka wewe."

Feruzi akashika ukingo wa mtumbwi.

"Jina langu tu, mutani."

Hakucheka. Feruzi angetoa jogoo wa mwisho ili acheke. Lakini Chausiku alikwisha kukaa, na watu wakausukuma mtumbwi, na wimbo wa makasia ukaanza.

Feruzi alisimama maji yakimfika vifundoni. Aliona aibu, aibu ya kweli. Alimkumbuka mtoto wa Mariyamu, ambaye atabebwa na Chausiku kabla ya kubebwa na babu yake. Wimbo ulipokuwa mbali kiasi kwamba hakuna wa kumsikia huko, alifungua mdomo.

"Chausiku ndiye aliyewafundisha."

Uledi alikuwa nyuma yake, akikunja kamba. Akamtazama bila kiburi.

"Tunajua, Nyapara," akasema. "Wote tulikuwa pale."